Geti la Shule na Mbavu za Kikopey

Mwaka wa 1973 nilikuwa na miaka kumi. Baba aliangukiwa na mtarakwa aliokuwa akiukata katika shamba la mzungu, akafa, na shida zetu zikaanzia hapo, saa nne asubuhi, kabla hata ya chai. Mama akatupeleka kwa kaka yake, huku huku Kabazi. Nikaacha shule darasa la tatu, nikaingia kuchuma maua ya pareto. Sisemi haya ili nionewe huruma. Huruma sikuipata wakati ule, na sasa sina pa kuiweka.

Jambo moja tu la shule nililikosa. Si hesabu, hesabu nilijifunza baadaye kwa magunia. Nilikosa Ijumaa. Mwalimu mkuu wa shule ile ya mabati alikuwa mtu mfupi wa suruali moja, na Ijumaa saa tisa alikuwa anavua viatu anaingia uwanjani nasi kukimbiza mpira wa matambara. Wiki ya pili baada ya mimi kuacha shule, alikuja mpaka kwenye pareto, akasimama mwisho wa mstari, akaniuliza, "Wewe, sasa nani atacheza beki ya kushoto?"

Mama akamwambia mtoto harudi. Akavua kofia, akasema pole, akaenda zake. Katika serikali yote ya Kenya, ni mtu huyo peke yake aliyewahi kuja kuuliza niko wapi. Kwa hivyo mimi najua mwalimu mkuu ni mtu gani. Nisifundishwe.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, nimemlea tangu akiwa wa kunyonya. Alirefuka mpaka akawa anainama akiingia jikoni kwangu. Nikampeleka shule ya bweni ya wasichana upande wa Subukia. Jina la shule silitaji, maana majengo hayakukosa. Huko wakamwona alivyo mrefu wakamtia kwenye voliboli, na hiyo voliboli ikawa chakula chake.

Wakati anaingia, mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja mnene, wa kuvaa gambuti hata mvua isipokuwepo. Huyo mama alikuwa na desturi yake. Timu ikirudi kutoka kucheza nje, geti kubwa linafunguliwa pande zote mbili, kengele inagongwa, masomo yanasimama, wasichana wote wanatoka mbio na nyimbo kuwapokea wenzao. Halafu chai na mkate. Wameshinda, wameshindwa, ni hivyo hivyo.

Nilipeleka viazi vya jikoni siku moja nikakuta timu imepigwa vibaya huko Molo, na bado geti linafunguliwa. Nikamuuliza, "Mama, hawa si wameshindwa?"

"Mzee," akaniambia, "walioshinda wanaweza kuingia hata kwa dirisha. Geti ni la walioshindwa."

Mwaka uliofuata akahamishwa. Mtu mzuri serikalini ni kama jembe zuri kijijini, halikai kwa mwenyewe.

Akaletwa mwanamume. Suti, kalamu tatu mfukoni, vyeti ukutani ofisini vimepangwa kama sahani za harusi. Mkutano wa kwanza wa wazazi alizungumza Kiingereza nusu saa nzima. Nikainua mkono.

"Mwalimu, hapa wengi wetu tunauza viazi. Rudia kwa Kiswahili."

Wazazi wakacheka. Yeye hakucheka. "Nimesema, mzee, michezo imepunguzwa ili wastani wa alama za shule upande."

"Imepunguzwa mpaka wapi?"

"Kidato cha tatu na cha nne hawachezi kabisa. Wengine wana dakika arobaini kila Jumatano."

"Dakika arobaini? Hata ng'ombe hajamaliza kunywa maji!"

Wakacheka tena. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Watu wa aina hii wakishindwa kujibu huandika.

Haukupita mwezi, milingoti ya voliboli ikang'olewa ikafanywa nguzo za banda la gari lake. Nililiona gari lenyewe. Si gari la kujengewa nyumba. Siku ya kutembelea watoto nikakuta wasichana wananong'ona kama watu wa wodini. Hakuna aliyeimba wala kumkimbiza mwenzake. Yeye akasimama mbele yetu akasema hiyo ndiyo nidhamu. Mimi nimefuga kondoo. Kondoo wangu wakinyamaza namna ile, naita daktari wa mifugo.

Sasa, palikuwa na mwalimu wa michezo, msichana mdogo tu, hata mshahara ulikuwa bado haujamzoea. Huyo alifunga kamba kutoka kwa mnara wa tangi la maji mpaka kwa mti wa mkaratusi, na juu ya kamba hiyo akawafundisha, alfajiri na hizo dakika arobaini. Kwa kamba ya kuanikia nguo wakashinda kaunti ndogo yote. Mjukuu wangu alikuwa kidato cha pili. Mwaka ukigeuka angekuwa cha tatu, na cha tatu hawachezi. Kwa hivyo kama angefika mashindano ya kanda, wanakokuja makocha wa timu kubwa kuchagua wasichana, ni mwaka huo ama asahau.

Ilipofika mashindano ya kaunti, Nakuru mjini, mwalimu mkuu aliwaachilia kwa sababu ofisi ya elimu ilimpigia simu. Lakini basi la shule akawanyima. Basi, alisema, ni la safari za masomo. Mwalimu wa michezo akanipigia.

"Mzee, shikamoo. Lori lako liko wapi?"

"Liko na viazi."

"Unaweza kuvitoa?"

Nikavitoa. Nikaosha lori mwenyewe, nikaweka mabenchi ya kanisa, nikawabeba. Mchezo wenyewe siuelewi sana, lakini kelele naielewa. Fainali ilifika seti ya tano. Wakashindwa kidogo sana, hata washindi wenyewe walikuwa wanalia. Lakini timu mbili za kwanza zote zinaenda kanda, kwa hivyo wamefuzu. Njiani niliwanunulia mkate, wakaula mkavu huko nyuma wakiimba mpaka sauti zikakauka.

Tukafika shuleni saa kumi. Nikapiga honi kutoka kwa kona, ile honi ndefu ya harusi. Geti kubwa limefungwa. Soja wa geti akatokea kwa kale kageti kadogo ka pembeni.

"Mzee, washuke waingie hapa mmoja mmoja."

"Na kubwa?"

"Kubwa ni la wageni. Mkubwa amesema. Na wasipige kelele, wenzao wanasoma."

Mjukuu wangu akasimama juu ya lori akaanza wimbo, ule wa kupokewa. Mimi nilikuwa natazama madirisha ya madarasa. Vichwa vikatokea. Vikatutazama. Vikarudi ndani. Hakuna aliyeitikia. Akaimba mstari wa pili peke yake, halafu akakaa chini. Wakashuka mmoja mmoja wakapita kwa lile tundu wakiinama, na yeye kwa urefu wake akainama zaidi ya wote.

Nikamwendea mwalimu mkuu ofisini na matope yangu.

"Hujawapokea watoto."

"Mzee, nambari mbili si kitu cha kupokelewa."

"Na kanda?"

"Kuna fomu ya kupigwa muhuri kabla ya Ijumaa saa kumi. Nitaifikiria."

Hapo ndipo nilifanya ujinga, na ninauandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sisi watu wa viazi tuna sheria moja. Jambo gumu halizungumzwi ofisini, linapelekwa kwa nyama. Na ukila mbavu za mtu, umesema ndiyo. Ukitaka kusema hapana, unakunywa soda yako, unashukuru, unaondoka. Katika miaka yote ya biashara yangu sijaona mtu akila kisha akakataa. Walevi, wezi wa mizani, madereva wa usiku, wote wanaiheshimu hiyo sheria. Nikadhani basi mtu mwenye vyeti vinne ataiheshimu mara nne.

Jumatano nikamchukua kwa pikapu mpaka Kikopey, safari ya kupita Nakuru yote mpaka karibu na Gilgil, kwa sababu nyama ya kweli iko huko. Nikamchagulia mbuzi mwenyewe. Alikula mbavu. Alikula mguu. Akaomba matumbo ya mutura, akaomba supu, akalegeza mshipi. Kila nikifungua mdomo ananiwahi.

"Mwalimu, ile fomu ya watoto."

"Mzee, usiharibu nyama kwa fomu."

"Sawa. Lakini Ijumaa ni keshokutwa."

"Kwani mimi ni adui? Nimekusikia. Leta kachumbari."

Tulipoinuka akasema nyama iliyobaki afungiwe. Mguu mzima wa nyuma ukaenda nyumbani kwake umeviringwa kwa karatasi. Nikarudi Kabazi nikiimba. Mzee wa miaka yangu, naimba ndani ya pikapu!

Ijumaa saa saba mwalimu wa michezo akanipigia, analia. Fomu haijapigwa muhuri. Mwalimu mkuu amesafiri kwa semina Naivasha. Nikampigia, akashika simu, nikasikia vijiko na sahani.

"Mwalimu, muhuri."

"Uko ofisini, mzee."

"Na ofisi?"

"Imefungwa. Ninazo funguo hapa."

"Ngoja, nakuja kuzichukua sasa hivi."

"Mzee, kuna utaratibu. Na unajua, wasichana hawa tukiwaachilia waende kanda watarudi wakitaka kwenda taifa."

Nilitaka kumwuliza shida iko wapi hapo, lakini alikuwa amekata simu. Mtu mzima, mkuu wa shule, na kitu kinachomtisha ni watoto wake wafike mbali. Saa kumi ikapita. Nafasi ikapewa timu ya tatu.

Jumapili ya kutembelea wanafunzi nilienda. Mjukuu wangu alikuwa ameketi kwenye nyasi chini ya ule mkaratusi. Kamba ilikuwa imekatwa, imebaki kipande tu kwenye shina.

"Guka, ni ukweli ulimpeleka choma?"

"Ni ukweli."

"Akakula?"

"Akakula mpaka mifupa ikaomba msamaha."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Aliendelea kung'oa nyasi.

"Sisi tulicheza seti tano, Guka. Tukakula mkate mkavu kwa lori. Yeye hajacheza hata moja."

Nimetukanwa na wengi. Nimetukanwa sokoni kwa lugha nne. Hakuna tusi lililowahi kunipata vile. Kwa sababu ni ukweli: nilikuwa na mbuzi mmoja, nikamlisha mtu aliyefunga geti, na wale walioachwa nje yake nikawapa mkate.

Likizo ilipofika nilichukua nusu ekari iliyo karibu na barabara, viazi vyake vikiwa vimeshika maua, nikaving'oa. Jirani alidhani nimeingiwa na wazimu. Nikasawazisha, nikapanda nyasi, nikasimamisha milingoti miwili ya chuma, mizito, ambayo hakuna wa kuing'oa kufanyia banda. Siku ya kwanza nikaita timu yote pamoja na mwalimu wao, nikachinja mbuzi, nikawaambia mbavu ni za waliocheza. Mwalimu wao alitaka kutoa hotuba, nikamwambia ale. Sasa kila Jumamosi ya likizo wanakuja, hata wa shule nyingine, hata wavulana, na kelele yao inafika mpaka kanisani. Padri amelalamika mara moja. Nikamkumbusha ni mabenchi yake yaliyowabeba.

Yule mwanamume hajaaibika, msidhani. Wastani ambao kwa ajili yake aliua michezo ulishuka, yeye akapanda cheo. Juzi nilisikia yuko ofisi kubwa akiwafundisha wakuu wengine namna ya kuongoza shule. Kiti amekipata. Lakini hakuna mtoto hata mmoja atakayezeeka akisema, mtu yule aliwahi kuuliza niko wapi.

Mjukuu wangu yuko kidato cha nne, anamaliza mwaka huu. Kanda hakufika, na hilo siwezi kuligeuza, hata nikichinja mbuzi wote wa Kikopey. Jumamosi anawafundisha wadogo kupiga smashi. Mmoja asipokuja, anamtuma mtu kwao akaulize.

Leo nina malori mawili. Nina pikapu moja. Nina mashine ya kusaga mahindi, ng'ombe watano wa maziwa, kondoo kumi na wanane, na nyumba ya mawe ya vyumba vinne. Nina ekari nne za viazi Kabazi. Nina nusu ekari ya nyasi, milingoti miwili, wavu mmoja, mipira mitatu, filimbi moja. Kwenye ua wa upande wa barabara nina nafasi ya wazi, upana wa lori. Geti sikuweka.