Kitabu cha Gidion Kwenye Mnada wa Kanisa

Kitabu cha mdogo wangu Gidion kiliuzwa mara nne katika Jumapili moja bila mtu hata mmoja kukifungua. Nilikuwepo. Nilisimama pale uwanjani na kitenge changu kipya na hasira zangu za zamani, nikahesabu.

Gidion ni mtoto wa tano wa mama yetu, mimi wa pili. Alikuwa mgawa maji wetu huku mlimani, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, kwa miaka thelathini na moja. Watoto wa sasa hawaijui vizuri kazi hiyo, kwa hiyo niieleze. Maji yanashuka kutoka mlimani kwa mifereji waliyochimba babu zetu kwa majembe, na kila ukoo una zamu yake: huyu Jumanne alfajiri, yule Alhamisi mchana. Mgawa maji ndiye anayefungua na kuziba, na anatukanwa na kila mtu. Gidion kila alipotukanwa alimwuliza mtukanaji, nani alikwambia hiyo zamu ni yako? Majibu aliyaandika. Nani alichimba wapi, nani alitoa beberu kumlipa nani, nani alihamisha maji na kwa ruhusa ipi. Zikafika kaunta buku kumi na tisa.

Alipostaafu akazigeuza kitabu. Aliuza mtamba wake mwekundu, akakichapisha mjini. Kaunta buku kumi tu ziliingia humo, za mifereji ya chini. Tisa za mifereji ya juu, ile mikongwe, akaziweka kwa ajili ya kitabu cha pili.

Siku alipokwenda kuchukua maboksi yake, mwenye mashine ya kuchapa alimwambia, "Mzee, kuandika umemaliza, sasa kazi ndiyo inaanza. Mwandishi wa siku hizi anajitembeza mwenyewe." Gidion alirudi na neno hilo nyumbani kama mtu aliyeandikiwa dawa. Mimi lilinichoma. Mama yetu hakuzaa mtu wa kujitembeza.

Akaanza. Jumamosi yuko sokoni Tengeru na mfuko wa salfeti begani, kati ya wauza nyanya. Kwenye harusi za watu anamsubiri MC ampe dakika mbili kabla ya keki. Mwanangu Hans, mwenye duka la simu Usa River, alipomwona anahangaika hivyo akamfundisha kujirekodi.

"Mjomba, watu hawasomi siku hizi, wanaangalia," Hans akamwambia. "Kila siku video moja. Ukikaa kimya siku tatu wamekusahau."

"Na kitabu cha pili nitaandika saa ngapi?"

"Hicho kitaandikwa tu. Kwanza hiki kitoke."

Hans ni mwanangu na nampenda, lakini siku hiyo nilimnyima chai. Alisema hivyo huku akijua. Mwezi wa pili daktari wa macho alikuwa amemweleza Gidion kwamba presha ya macho imeshalimaliza jicho la kushoto, na la kulia limebakiza mwaka mmoja, labda na miezi kidogo. Kaunta buku tisa zimeandikwa kwa penseli, kwa mwandiko ambao hausomwi na mtu mwingine yeyote, hata mimi niliyemfundisha kuishika hiyo penseli. Jicho likienda, mifereji ya juu imekwenda nayo. Na yeye kwa jicho hilo anaikodolea simu, anawaambia watu asiojua kwao, wala wao hawajui kwake, wasisahau kubonyeza.

"Gidion," nikamwambia, "kaa chini uandike."

"Dada, nikikaa, na maboksi yanakaa. Cha pili kitachapwaje wakati cha kwanza kimejaa uvunguni?"

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Ndipo Joel, mzee wa kanisa, akaja na ushauri wake. Gidion alete kitabu kimoja kama sadaka siku ya mavuno, kinadiwe, usharika mzima utakiona. Mnada wetu mnaujua. Ibada ikiisha, sadaka za vitu hutolewa nje: ndizi, mayai, maziwa, kuku. Na mwenye kushinda, akitaka aonekane ana moyo mkubwa, hakichukui kitu chake. Analipa, anasema "rudisha", kinanadiwa tena. Mkungu mmoja wa ndizi unaweza kusimamisha ukuta. Ni desturi nzuri, kwa ndizi.

Joel ndiye alikuwa mnadi. Kitabu kilikuja baada ya jogoo.

"Haya, huyu hawiki, ila ana maneno," akasema akikiinua, na watu wakacheka. "Nani anaanza?"

Mwalimu Paskalina akashinda. "Rudisha," akasema, wala hakunyoosha mkono. Makofi. Akashinda kiongozi wa kwaya. "Rudisha." Mara ya tatu, mara ya nne. Kila mara Gidion alishika kofia na kuinama kidogo, watu wakimpa hongera kama vile wamesoma. Hans anarekodi.

Mara ya tano nikapandisha mimi, kwa hela ya mbolea, nikashinda.

"Mama Hans," Joel akasema. "Turudishe?"

"Sirudishi."

"Mama, ni kwa ajili ya paa la kanisa."

"Paa limeshapata mara nne. Hiki nimekinunua kisomwe. Lete hapa."

Nikavaa miwani. Tangu Januari Joel na jirani yake Elihuruma walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya maji ya Ijumaa. Walishafikishana mpaka ofisi ya kata. Na wote wawili walishanunua kitabu hiki, Gidion aliwapelekea mwenyewe mlangoni. Mimi niliyeishia darasa la nne nimekisoma mara tatu. Nikafungua ukurasa wa arobaini na moja, nikasoma kwa sauti:

"Ijumaa hadi saa sita mchana maji ni ya nyumba ya baba yake Joel. Kuanzia saa sita ni ya nyumba ya baba yake Elihuruma. Walipatana wenyewe mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya njano, mimi nikiwa shahidi."

Nikafunga kitabu, nikamgeukia mnadi.

"Joel, kitabu chako kiko wapi?"

"Kipo, mama. Kabatini."

"Na wewe Elihuruma?"

Elihuruma akakuna kichwa. "Changu nilikiweka chini ya mguu wa meza. Ilikuwa inayumba."

"Angalau chako kina kazi," akasema mtu nyuma, na watu wakaangua kicheko. Gidion hakucheka. Alivua kofia yake, akaitazama ndani kama anayetafuta kitu humo, akaondoka peke yake.

Nilidhani nimemsaidia. Jumatatu saa moja asubuhi wakaanza kufika. Shikamoo mzee, shikamoo mzee. Kila mtu na zamu yake, kila mtu anataka Gidion amwambie kwa mdomo. "Kusoma ni kirefu, mzee, wewe tuambie tu." Walikunywa chai yake, wakamweka barazani mpaka jioni. Kufika Jumatano alikuwa hajaandika mstari hata mmoja. Kwa hiyo na mimi nimo. Video za Hans zilimlia dakika, mimi hasira zangu zilimlia siku tatu nzima.

Alhamisi nilichukua kigoda changu na boksi moja la vitabu, nikakaa getini kwake. Hans nilimwambia uso wa mjomba wake asiurekodi tena. Akitaka uso, wangu upo.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kumwona mzee."

"Marahaba. Hayupo."

"Mbona tunamwona pale dirishani?"

"Yule anaandika. Mtu akiandika hayupo. Shida yako ni mfereji gani?"

Akiutaja, namwambia ukurasa. Kitabu hiki hapa, nunua, kasome, ukishindwa kuelewa urudi kwangu. Wengine wamenuna. Wengine wamesema kwa Joel kwamba uzee umenipanda kichwani. Mchungaji mwenyewe alikuja na salamu, nikampa kigoda cha pili, akakaa akasoma mpaka ukurasa wa thelathini, kwani hakuwa na njia nyingine. Boksi la kwanza limekwisha. La pili liko nusu. Kila asubuhi naamka na hasira, nazibeba getini pamoja na boksi, na sasa nimeona zina mahali pa kwenda.

Huu ni mwezi wa nane. Gidion anakaa kwenye dirisha la mashariki, maana mwanga wa hapo unamfaa mpaka saa nne. Juzi nilikuwa namkaripia kijana mmoja wa Nduruma aliyetaka kupiga picha na mzee kabla hajanunua, nikasikia dirisha linafunguliwa.

"Dada, unagombana kwa sauti mno. Sisikii ninachoandika."

"Umefika kaunta buku ya ngapi?"

"Ya tano."

Zimebaki nne.

"Kusikia huhitaji," nikamwambia. "Unahitaji kuona. Funga dirisha uandike."