Rangi ya Baba kwenye Mihrabu

Msikiti wetu wa zamani, kijijini karibu na Ibra, Omani, ulinukia udongo mbichi na majamvi ya ukindu. Ukiingia kutoka juani huoni kitu. Kwanza miguu inapata ubaridi, kisha nguzo nene zinajitokeza moja moja, na mbele kabisa mihrabu, kibla anaposimama imamu. Fundi ambaye hata jina lake halikujulikana aliichonga yote kwa chokaa, maua na nyota na aya, akapachika katikati bakuli la kichina la buluu. Mnara hatukuwa nao; mwadhini alipanda ngazi hadi juu ya paa. Watoto tulisomea Kurani humo, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye bakuli kuliko kwenye juzuu.

Tulikuwa tumerudi kutoka Tabora mwanzoni mwa miaka ya sabini, na wanakijiji wakamwita baba yangu Mzinjibari, Mzanzibari, kama walivyomwita kila aliyetoka Afrika, yeye ambaye Unguja hakuwahi kuikanyaga. Jina hilo lilimkera kupita kiasi. Akaamua kuwaonyesha kwamba naye ni mwenyeji, na katika njia zote alizompa Mungu, akachagua kuipaka mihrabu rangi ya mafuta, kijani cha kung'aa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mama alimwambia, "Baba Zuwena, nakuomba, iache kama ilivyo." Baba akajibu, "Wallahi itang'aa mpaka wasahau tumetoka wapi." Na wazee wa msikiti? Hapo ndipo damu inaponichemka hadi leo. Kule kwetu, mtu akitoa kitu kwa ajili ya msikiti hakatazwi usoni. Walisimama mlangoni, wakaitazama brashi ikiziba nyota, wakasema, "Mashaallah, Mungu akulipe," kisha wakaenda zao kunywa kahawa.

Majira ya baridi mvua ikanyesha. Ukuta wa udongo ukanywa maji, rangi ikayazuia yasitoke. Chokaa ikavimba, ikapasuka, na asubuhi moja tukakuta mihrabu imeporomoka, bakuli vipande vipande. Nililia kwa hasira. Wazee wakasema, "Qadar Allah, Mungu ndiye aliyekadiria," wakapiga saruji, basi.

Leo kuna msikiti mpya wa marumaru na viyoyozi, na kijiji kizima husali huko. Baba peke yake bado anakwenda kwenye ule wa zamani kusali mbele ya saruji, nami nimechoka kumsihi. Wala hakuna anayemwita Mzinjibari tena. Waliomwita hivyo tumeshawazika. Juzi, tukinywa kahawa, mwanangu alimuuliza babu yake kwa nini msikiti wa kijiji cha pili una nakshi na ule wetu wa zamani hauna.

"Ulikuwa nazo," baba akasema. "Niliziharibu mimi, wao wakitazama, na hata mmoja hakunigombeza. Mtu humgombeza wa kwake."