Shamba Badala ya Mshahara

Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Sikuwa nimejiandaa kupewa shamba.

Akida alifika shuleni asubuhi, amepanda punda wake, askari mmoja nyuma. Nilipomwona nilianza kuwaza mabaya, maana mimi ndivyo nilivyo: mtu akinijia uso mkunjufu nawaza ameficha nini, akinijia amenuna nawaza nimekosa nini. Akida alikuja na uso mkunjufu.

"Mwalimu, maombi yako yamefika bomani. Bwana Shauri amekusikiliza." Ndivyo tulivyomwita Mzungu wa Kidachi aliyekata mashauri bomani.

"Mshahara umeongezwa, Bwana Akida?"

"Mshahara! Umepata kitu kizuri kuliko mshahara. Umepewa shamba. Na wanafunzi wako watakulimia. Utakula, utauza, utanenepa."

Alionyesha kwa bakora yake upande wa juu wa kijito, mahali milima inapoanza kuinuka juu ya Mlali. Nikashukuru. Ulimi wangu una desturi hiyo mbaya ya kushukuru kabla kichwa hakijamaliza kufikiri.

Nieleze kwanza nilichokuwa nimeomba. Nilisoma katika shule ya serikali kule pwani, nikafuzu, nikaletwa huku Uluguru kufundisha kusoma, kuandika na hesabu katika banda la miti na nyasi. Mshahara wangu ulikuwa chini ya wa askari asiyejua kuandika jina lake, na chini kabisa ya wa rafiki yangu karani wa stesheni ya Morogoro. Yeye na mimi tulikaa benchi moja shuleni. Hesabu za kugawanya alinakili kwangu. Sasa yeye alivaa viatu, mimi nilifunga wayo wa kiatu kwa kamba ya mkonge. Nilikula kwa huruma ya wazazi: leo ndizi, kesho kibaba cha unga. Kila nilipomrudi mtoto kwa uvivu, nilijiuliza kama kesho mama yake angeleta tena ndizi, na mara nyingine nilimsamehe mtoto kwa sababu ya ndizi. Hilo ndilo lililonifanya niombe nyongeza. Sikuomba ninenepe. Niliomba nisimwogope mama wa mtoto ninayemfundisha.

Siku ya kwanza ya kulima nilisimama kando ya shamba, chaki bado mkononi, kwa kuwa sikujua mwalimu ashike nini mahali kama pale. Watoto walilima wakiimba. Walikuwa mafundi, makwao walilima tangu wajue kutembea. Mwanamke mmoja alipita na wenzake, makapu ya viazi vichwani, wakielekea mjini, akasimama.

"Mwalimu, leo unawafundisha nini?"

"Leo... tunalima, mama."

"Aa! Na sisi tuliowatuma kwako tulidhani kulima wanakujua."

Wenzake wakacheka mpaka makapu yakatikisika. Nilicheka nao, kisha nikayatafakari maneno yake siku nzima na siku iliyofuata. Juma la pili nusu ya watoto hawakuja. Wazazi waliona afadhali mtoto alime kwao, na nani angewalaumu? Nikaona wazi mtego wenyewe. Nikilikubali shamba hili, suala la mshahara limefungwa kwa kufuli. Kila mwalimu atakayekuja baada yangu ataambiwa, una shamba, una watoto, unataka nini tena? Na watoto watakimbia, na banda litabaki la mbuzi. Nikilikataa, nimemkataa Bwana Shauri, na kule bomani watu walilazwa chini na kupigwa kiboko kwa makosa madogo kuliko hilo.

Kwa hiyo nilifanya kama kawaida yangu: sikukubali wala sikukataa. Nilianza kufikiria jambo jingine. Shamba lile lilikuwa na matuta ya zamani chini ya majani, na mashina ya migomba. Lilikuwa la mtu. Nikauliza, nikaambiwa ni la ukoo mmoja wa pale, limepumzishwa lirudishe nguvu. Akida hakuwauliza. Alinyoosha bakora tu.

Aibu ilinishika. Kwetu pwani ukimkosea mtu unakwenda kwake na kitu mkononi. Nikanunua jogoo kwa fedha niliyoiweka kwa ajili ya kiatu, nikapanda kwa mkuu wa ukoo. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno ya kusema, nikayabadilisha, nikayarudia, hata jogoo akachoka kunisikiliza.

Mkuu wa ukoo hakuwa mzee wa ndevu nyeupe. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye maneno makali, akipepeta maharage na dada zake uani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mpwani umepanda mlima na jogoo! Amekushinda kumchinja?"

"Nimemleta kwako. Nalima katika ardhi yenu. Sikutaka niendelee bila kuja."

Akaacha ungo. Akanitazama, akamtazama jogoo. "Rudia."

Nikarudia, nikidhani nimekosea adabu. Akamwita dada yake mkubwa, akawaita majirani, wakaja na watoto wao.

"Semeni mmeona nini."

"Mwalimu ameleta ngoto," akasema dada mkubwa, akampokea jogoo kwa mikono miwili, polepole, kama anayepokea mtoto.

Nikauliza ngoto ni nini. Wote wakaangua kicheko. Mkuu wa ukoo alipomaliza kucheka aliniambia: asiye wa ukoo akilima ardhi ya ukoo, huleta zawadi kwa mwenyewe. Jogoo, kikapu cha mavuno, chochote. Si bei. Ni kusema mbele ya watu, ardhi ni yenu, mimi ni mgeni.

"Serikali inasema ardhi hii ni yake," akasema. "Akida hakuleta ngoto. Mzungu hakuleta. Ngoto imeletwa na mtu wa serikali mwenyewe, mwenye mshahara wa serikali."

Nilikwenda kuomba radhi, na nilikuwa nimetoa ushahidi.

Habari ilinitangulia bondeni. Akida alikuja jioni ileile, safari hii bila uso mkunjufu.

"Umeigawa ardhi ya serikali kwa jogoo! Jogoo mmoja!"

"Sikujua, Bwana Akida."

"Vizuri. Basi utasema hujui. Shauri hili litafika kwenye baraza la boma, na huko utasema ulimpelekea kitoweo, salamu za mgeni kwa jirani. Utaendelea na shamba lako, na mimi nitakutetea. Ukisema vingine, mgongo ni wako."

Nilitelemka Morogoro kumwona rafiki yangu karani, maana yeye hana kipaji cha kuwaza na mimi nilihitaji mtu wa namna hiyo. Nilimkuta stesheni akipima magunia, kalamu sikioni.

"Jogoo ni jogoo, ndugu yangu," akasema. "Mwite kitoweo. Mwite binamu. Unakufa kwa ajili ya jogoo?"

"Na watoto?"

"Watoto wa nani? Wako? Hapa kuna nafasi ya karani msaidizi. Njoo tupime magunia. Gunia halina mama wa kukuletea ndizi."

Nikamwambia nitafikiri. Akashika kichwa. "Basi nafasi imekwenda. Ukianza kufikiri, reli itafika Tabora nawe hujajibu."

Siku ya baraza watu walijaa mbele ya boma. Mkuu wa ukoo alikuja na dada zake. Akida alisimama karibu na meza. Bwana Shauri alikaa nyuma ya meza hiyo, kofia juu ya karatasi zisipeperuke. Alikisema Kiswahili kwa kukikata vipandevipande, lakini alikielewa vyema.

"Wewe mwalimu. Ulimpa huyu jogoo. Kwa nini?"

Nilikuwa nimeyabeba majibu mawili kutoka Mlali, na mpaka nafika mbele ya meza sikujua ni lipi litakalotoka. Nikamtazama akida. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekwisha kunijua. Nadhani ni tabasamu lile lililoniamulia. Nimeishi na woga wangu tangu utotoni, nimeuzoea, lakini sikuweza kuvumilia mwingine auhesabu kuwa ni mali yake.

"Ilikuwa ngoto, Bwana. Nilipompa sikujua jina lake. Sasa najua, na bado ni ngoto."

Watu wakavuta pumzi. Akida akasema, "Mwendawazimu."

"Nani alikupa shamba?" akauliza Bwana Shauri.

"Mlinipa ninyi. Mimi sikuomba shamba. Niliomba mshahara."

"Shamba ni sawa na mshahara."

"Kama ni sawa, Bwana, karani wa boma naye apewe shamba."

Karani wa boma, aliyekuwa akiandika pembeni, akainua kichwa kwa hofu ya kweli. Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa na askari.

"Karani anashika fedha ya serikali. Kazi yake kubwa."

"Aliyemfundisha kuhesabu fedha hiyo ni nani?"

Niliogopa, sisemi uongo. Lakini maneno yalikwisha kupata njia. Nilisema kwamba mtoto anayelima shamba langu hasomi, na asiyesoma hawezi kuwa karani wala mpimaji wala chochote wanachokitafuta wao kila siku. Nilisema wanawalipa watu wa kuwachapa Waluguru zaidi kuliko watu wa kuwafundisha, na watu wa huku wamekwisha kuiona tofauti hiyo, hawahitaji kusoma ili waione. Hapo akida alipiga hatua mbele. Bwana Shauri akamzuia kwa kidole.

"Mwalimu wa misheni kule Mgeta anapata kidogo kuliko wewe. Halalamiki."

"Hajaulizwa, Bwana."

Bwana Shauri alitoa hukumu haraka, kama mtu aliyechoka na jua. Sikupigwa. Sijui kwa nini. Nimekwisha kubuni sababu nyingi na hakuna hata moja ninayoiamini. Shamba ninyang'anywe, na lisiguswe na mtu mpaka boma lipange. Watoto warudi darasani. Na mimi, kwa ulimi wangu, nikatwe mshahara wa mwezi mzima.

Rafiki yangu karani aliposikia alikaa chini juu ya gunia. "Umekwenda kuomba nyongeza, umerudi na pungufu! Wewe ni mwalimu wa hesabu gani?"

Mkuu wa ukoo alinisubiri njia panda. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Aliniambia nikitaka matuta mawili ya maharage karibu na nyumba yake atanipa, nimekwisha kuujua mlango.

"Asante, mjomba. Sitaki."

"Una kiburi, mpwani."

"Wema wenu ndio unaowafanya bomani walale usingizi. Mkinilisha ninyi, wao watanilipa kwa nini?"

Alifikiri, akatema mate pembeni. "Basi utakonda."

Nilikonda. Mwezi ule niliishi kwa ndizi, zile nilizokuwa nikizionea haya, maana kukataa maharage ni maneno na njaa ni njaa. Lakini watoto walirudi, banda likajaa, na nilimrudi mvivu bila kumtazama mama yake. Nafasi ya stesheni alipewa mtu mwingine.

Mwezi uliofuata nilikwenda bomani siku ya malipo. Walimu wa wilaya tulipanga mstari na matarishi na wapagazi. Zamu yangu ilipofika, karani alisukuma rupia mezani, akanipa kalamu, akataja neno la desturi: "Sema, nimepokea."

"Nimepokea," nikasema. "Haitoshi."

"Sema nimepokea tu!"

"Nimepokea, na haitoshi."

Akaguna, akaandika anavyotaka. Nikaweka sahihi, nikaondoka haraka kama mwizi. Nimelisema neno hilo kila mwezi tangu siku ile. Mshahara haujaongezeka hata hela moja, na kila ninapokaribia meza ile bado nawaza labda leo ndiyo siku ya kiboko. Nalisema hivyohivyo. Mwezi uliopita nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni nilipomsikia nyuma yangu mwalimu wa shule ya mlimani, mtu mpole, mkubwa kwangu kwa miaka, ambaye hatujawahi kuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Alikohoa kwanza. Kisha akamwambia karani, kwa sauti ya darasani, kwamba amepokea, na haitoshi.