Alama Chini ya Sanduku

Matheka alikuwa fundi wa spika huko Shauri Moyo, na baba yake, Mzee Kiema, alikuwa mchonga vinyago. Banda lao lilikuwa moja, vumbi lao moja. Walipotofautiana ni kwenye alama. Mchongaji akimaliza kuchonga swala humpindua, akakata alama ya ukoo chini ya kwato. Matheka aliomba ruhusa ya kuikata kwenye masanduku yake ya spika, mzee akakataa katakata. Sanduku la kutolea kelele, alisema, si sanaa, hata likipigwa randa likang'aa.

Lakini lile la mvule, la mwaka wa tisini na mbili, Matheka alilihangaikia miezi minne. Aligonga ubao, akasikiliza, akakwangua, akagonga tena, hadi mdomo wa sanduku ukafunguka kama ua la boga.

Mwaka ule spika ilikuwa hatari, maana ilidhaniwa ni ya mikutano ya siasa. Jirani yao Wanyoike alichukuliwa na polisi Jumatatu kwa ajili ya spika moja isiyo na kibali, na mkewe bado alikuwa akiuliza alikopelekwa. Alhamisi mchana, mtu mwenye koti refu akainama mlangoni pa banda.

"Kijana, hii ni spika?"

Waya ulikuwa ukichungulia nyuma ya sanduku. Matheka akaukanyaga. Akajisikia akijibu kwamba hapana, afande, hiyo ni sanaa.

Afande akacheka. Alisema ameoa Machakos, wachongaji anawajua vizuri. Kisha akamgeukia mzee.

"Sanaa ina alama, Mzee. Pindua tuone."

Matheka alijua fika kwamba hakuna alama. Mzee aliinuka bila haraka, akaliinamisha sanduku upande wa mgeni. Matheka akafumba macho, akamwona Wanyoike akipandishwa gari, kiatu kimoja kimebaki barabarani.

Kidole kikapapasa ubao. Afande akaguna, akasema atapita tena, akaenda zake.

Matheka alipofumbua macho aliiona alama ya ukoo: mistari miwili na kitone, vumbi limeshajaa ndani. Haikukatwa leo.

Akauliza ilikatwa lini. Mzee alikuwa amesharudi kuchonga swala wake. Alisema ni siku ile sanduku lilipojaribiwa kwa wimbo wa kwaya, Matheka akidhani baba amelala.

"Au ulidhani masikio yangu nimeyachonga kwa mti?"

Matheka alitaka kucheka. Mguu wake ulikuwa bado juu ya waya, na ulikataa kuondoka.