Namba ya Nje, Watu wa Ndani

Mwaka ule Idi Kubwa tulikula kuku. Kondoo wa Uingereza walikuwa wanachomwa moto mashambani kwa maradhi ya kwato, na muuza nyama wetu wa Wembley akabaki na kulabu tupu. Mwanangu aliitazama biriani akasema, "Hii Idi au Jumapili?" Nikamwambia ale anyamaze. Nilikuwa nimefagia ofisi za watu tangu alfajiri, magoti yanawaka, sina huruma ya kumpa mtu mzima aliyekosa kondoo.

Mwaka huohuo akaja kukaa kwetu binti wa dada yangu, kutoka Pemba. Mumewe alikuwa amekwama Mombasa, anangoja ruhusa ya kumfuata. Hakuwa na simu, ila karibu na alipopanga palikuwa na duka la intaneti, basi wakawa wanaandikiana kwa kompyuta. Siku akipata maneno ya mumewe, mpwa wangu alikula. Siku asipopata, alisukuma sahani na mimi nikala mara mbili, maana chakula situpi.

Sasa kompyuta. Kulikuwa na ya mwanangu sebuleni, na ya mjukuu wangu, binti yake, chumbani kwake, na mkweche mmoja tuliompa mpwa wangu juu. Laini ya intaneti ilikuwa moja, na kampuni ilishasema: nyumba moja, kompyuta moja. Mjukuu wangu akaleta kisanduku chenye vitaa, akakichomeka chini ya ngazi, nyumba nzima ikapata. Mimi shule niliiacha najua kusoma Kurani na kuandika jina langu. Huyu mtoto wa kike alifungua kijitabu cha maelezo, akasoma kurasa mbili, akakitupa, akafanya kwa kichwa chake. Niliwasimulia wenzangu kazini mpaka wakanichoka.

"Waya mmoja unawatoshaje wote?" nilimuuliza.

Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao waliozaliwa hapa. "Bibi, huko nje nyumba yetu ina namba moja tu. Humu ndani kila kompyuta ina namba yake, na hiyo haitoki mlangoni. Kompyuta ya shangazi kule juu ikiuliza kitu, kisanduku kinaficha namba yake, kinaweka ya nyumba, kinapeleka. Jibu likirudi, kinakumbuka nani aliuliza, kinampelekea."

"Na anayekuja mwenyewe kutoka nje, hakuulizwa kitu?"

"Hakijui kumpeleka kwa nani. Kinamwacha hapohapo nje."

Nikacheka. Nyumba niliyokulia Unguja, wanawake wa ndani hawakutoka mchana. Walinituma mimi. Huyu anataka uzi, yule mdalasini, mwingine tambuu. Dukani nilisema tu, "Kwa Bibi wanataka," na muuza duka hakujua uzi wa nani wala tambuu ya nani. Nilijua mimi, na nikirudi kila mtu nilimpa chake.

"Basi kisanduku chako ni mimi," nikamwambia.

"Hiki hakilalamiki magoti, Bibi."

Mvua za mwisho wa mwaka zikaingia kwenye nyaya za barabarani, laini ikafa. Ilikufa wiki mbaya. Mumewe mpwa wangu alikuwa ameandika kwamba anakwenda kuchukua jibu la ruhusa yake, na baada ya hapo kimya. Mpwa wangu akawa anapanda na kushuka ngazi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kila nikitoka kazini nikitaka kulala, nasikia zile hatua.

Kampuni ikasema fundi atakuja. Mwanangu akanipigia simu kutoka kazini kwake. "Mama, akikuuliza kompyuta, sema moja. Akijua ziko nyingi watatukatia."

"Unanifundisha uongo, na mimi ndiye niliyekuzaa?"

"Si uongo, Mama. Kwa nje ni moja."

Alikuwa na hoja. Lakini kisanduku hakiendi kuulizwa siku ya mwisho. Mimi nitaulizwa.

Fundi alikuja kalowa, baba wa makamo, kachoka kuliko mimi. Alipiga magoti chini ya ngazi, akafungua tundu la ukutani, akakitazama kile kisanduku. Halafu akauliza, bila kuinua kichwa, "Mko wangapi humu kwenye hii laini?"

Kiingereza changu ni cha ofisi za kufagia. Nilisikia wangapi, nikasikia watu. Na kwetu watu hawahesabiwi. Hatuhesabu mikono kwenye sinia, hatuhesabu watoto waliolala. Kuhesabu ni kuita jicho baya. Mama yangu aliwahi kunizaba kibao kwa kuwaonyesha ndugu zangu kidole mmoja mmoja.

Nikamwambia, "Watu wa nyumba yangu siwahesabu."

"Bibi, anauliza kompyuta," mjukuu wangu akaninong'oneza.

"Ameuliza alivyouliza, na mimi nimejibu."

Fundi akashusha pumzi. "Ofisini wananiuliza mimi, bibie." Akaendelea na nyaya zake. Alitoka mvuani, akarudi, akakaza hiki, akalegeza kile. Mwishowe kitaa kikawaka kijani, kikatulia.

Juu mkweche ukalia kama kawaida yake ukipata laini. Kompyuta ya mjukuu wangu chumbani nayo ikalia. Tukasikia kiti kinasukumwa, na mpwa wangu akashuka nusu ya ngazi, mkono mdomoni.

"Mama mkubwa, amepewa. Ataandika siku ya ndege."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na fundi hakuhitaji kujua Kiswahili kuyaona. Alimtazama yeye, akatazama dari, akatazama kisanduku na nyaya zake. Akafunga mkoba polepole. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, nikaegemea ukuta.

"Sasa niambie, bibie," akasema. "Ni ngapi?"

"Watu wa nyumba yangu siwahesabu."