Pete za Miguuni Nilizozivaa Mwanza

Nilikwenda Mwanza kutafuta mkwe. Mume nilikuwa naye tayari, au tuseme nusu yake. Masanja alikuwa ameshanichumbia, baba yangu amekubali, wajomba wameshaanza kuwapa majina ng'ombe ambao hawajawaona. Aliyebaki ni mama yake. Baba yake Masanja alishafariki, kwa hiyo bila mama kutamka neno, hakuna ng'ombe wa kutoka zizini. Na mama kila akiulizwa lini atakuja Misungwi kunifahamu, alikuwa na jibu: mara cherehani imekorofisha, mara mguu unamsumbua, mara mvua.

Bahati ikanijia kwa Bhavna. Tulisoma naye sekondari palepale Mwanza, tukala muhogo wa kukaanga kwenye karatasi moja. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, imefika mwezi wa saba, na kwao Wahindi mimba ikifika hapo wanawake hukusanyika kumpamba mwenye mimba na kumwombea heri. Akanialika. Tena akaniambia Mama Masanja atakuwepo, maana ndiye anayewashonea blauzi za sari miaka yote, nyumbani kwake Igogo. Masanja aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Limi, nenda umkute huko. Mbele ya wateja wake hatakuwa na pa kukimbilia. Halafu jipambe, mama anayapenda sana mapambo ya Kihindi, kutwa anayazungumzia."

Asubuhi na mapema nilipanda pikapu ya mfanyabiashara wa mchele, nikakaa mbele na kikapu changu cha michembe mapajani, viazi vyetu vilivyokaushwa, zawadi ya kumlainisha mama mkwe. Niliimba kutoka Misungwi mpaka Usagara. Dereva akavumilia, mwishowe akauliza, "Dada, unakwenda harusini?" Nikamwambia ndiyo naifuata, imejificha Mwanza. Akasema basi Mungu akusaidie, lakini punguza sauti.

Usagara tulisimama kunywa chai. Wenzangu walikula chapati. Mimi yangu nikampa dereva, fidia ya nyimbo.

Tulipofika Mkuyuni ziwa likajitokeza upande wa kushoto, linameta katikati ya mawe. Masanja wangu ni fundi mitambo kwenye kivuko, kila siku yumo majini. Nilipunga mkono kuelekea ziwani ingawa nilijua hawezi kuniona.

Mjini nilishuka nikabaki nimeduwaa. Zilikuwa siku za ruksa zile, serikali imefungulia biashara, na maduka ambayo sisi wanafunzi tuliyaacha na rafu tupu sasa yalikuwa yamefura: vitambaa vya kumetameta, redio, manukato, sabuni za rangi zote bila foleni. Watoto wa siku hizi hamtaelewa furaha ya kuona sabuni imekaa tu, inakusubiri wewe uchague. Nikaingia kwa sonara. Dhahabu niliiangalia kwa macho, nikaiacha hapo hapo. Lakini kwenye kitambaa chekundu zilikuwapo pete ndogo za fedha, pana kidogo, zimeachwa wazi upande mmoja ili zibanwe. Sonara akasema ni za vidole vya miguu, za kidole cha pili kutoka kidole gumba. Akaniuliza kama nimeolewa. Nikamjibu kwa madaha, "Karibu naolewa," naye akadhani nasema wiki hiyo. Nikazivaa palepale, nikatoka natembea kama mtu anayekanyaga mayai.

Kwa akina Bhavna ni ghorofani, juu ya duka lao la vitambaa. Mlangoni viatu vinavuliwa, nami nilivua kwa hamu kuliko mgeni yeyote aliyepata kupanda ngazi zile.

Bhavna alikuwa amekaa kwenye kiti kilichofunikwa shali, amepambwa toka utosini, na tumbo lake limetangulia. Nikamkumbatia kwa ubavu. Nikaanza maswali yangu, yeye akanijibu kwa kugusa pambo moja baada ya jingine. Kipini cha pua kinakaa kushoto, kwa sababu wazee wao husema mshipa wa pale unarahisisha kujifungua. Bangili za kioo zinalia, na mtoto aliye tumboni akisikia mlio huo anatulia na kumjua mama yake. Dhahabu inaishia kiunoni, maana ni ya mungu wao wa kike wa neema, haifai kukanyagwa. Miguuni ni fedha tu, tena fedha inapoza mwili.

"Kumbe nimepatia," nikasema, nikamnyoshea miguu. Bhavna akafungua mdomo, lakini kabla hajasema kitu mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mrefu mwenye futi la kupimia nguo shingoni. Nilimjua kwa pua. Masanja ameikopi yote.

Nikapiga magoti kama tulivyofunzwa. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye Limi."

"Marahaba," akasema, tena vizuri tu. Nikainuka. Macho yake yakateremka mpaka miguuni kwangu, yakabaki huko. "Umeolewa na nani?"

Nikacheka nikidhani ananitania. Hakucheka mtu mwingine. Bibi Kanta, nyanya yake Bhavna, akasogea kwa fimbo yake, akainama kunitazama vidole. "Mwanangu, hizi ni za mke wa mtu. Msichana havai. Mshipa wa kidole hiki unapanda mpaka kwenye kizazi. Ukizivaa umetangaza una mume."

Nyie, nilitamani sakafu ipasuke. Safari yote, michembe yote, nyimbo zote, halafu nimeingia mbele ya mama mkwe nimejitangaza mke wa mtu nisiyemjua. Nikainama haraka nizivue.

"Usiguse," akasema Bibi Kanta. "Mwanamke anavuliwa hizo siku mumewe amekufa."

"Lakini hana mume, Bibi," Bhavna akasema.

"Basi msiba huo utampata yule atakayekuwa mumewe. Ni nani?"

Nikamwangalia mwenye futi. Na sebule nzima, mashangazi na majirani na sari zao, ikageuka kumwangalia Mama Masanja, ambaye mwanawe wa pekee saa ileile alikuwa katikati ya ziwa.

Mama Masanja akakaa. Akalivua futi shingoni, akalikunja, akalikunjua. "Zikibaki?" akauliza.

"Zikibaki, lazima awe mke," akasema Bibi Kanta.

"Na zikitoka?"

Bibi Kanta akarekebisha sari yake begani. Mama Masanja akavuta pumzi ndefu, akanitazama kwa mara ya kwanza kuanzia juu kwenda chini badala ya chini kwenda juu.

"Basi, binti, usizivue," akasema. "Kesho tunakwenda Misungwi."

Sebule ililipuka kwa vicheko na vigelegele. Bhavna alicheka akashika tumbo na kusema mtoto naye anacheza. Wakamvisha bangili za kijani na nyekundu mikono yote miwili, kila mwanamke akimnong'oneza heri sikioni, na zilizobaki wakanivisha mimi. Nilikula vitamu vyao mpaka meno yakaniuma.

Kesho yake tulirudi kwa pikapu ileile. Dereva akamwona Mama Masanja, akaniona mimi na bangili zangu, akasema, "Kumbe harusi umeipata kweli." Mama akaketi dirishani na kikapu cha michembe, anatafuna tangu Nyegezi. Tulipopita Buhongwa nikajipa moyo.

"Mama, na kama ningezivua?"

Akatafuna akamaliza. "Bibi Kanta huvua zake kila akivimba miguu. Nimempima blauzi miaka yote hii, nimeshamwona bila hizo mara nyingi. Na mzee wake yule yupo dukani mpaka leo anapima vitambaa."

Nikamgeukia. "Sasa mbona ulikubali?"

"Nilikataa muda mrefu mno," akasema. "Masanja akioa, nyumba ile nabaki na cherehani. Nilikuwa naogopa, nikaona aibu kusema. Halafu nikachoka kukataa, na sikujua nitoke vipi. Yule bibi amenifungulia mlango. Mimi nani nisipite?"

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikamwambia nami nashona, na Igogo cherehani mbili hazitagombana. Alinishika mkono wenye bangili, akaushikilia mpaka Usagara.

Mkiniuliza ndugu zangu nilichojifunza Mwanza kuhusu mapambo yale, nitawaambia yote niliyosikia juu ya kipini, bangili na fedha ya miguuni. Kama yanaponya au hayaponyi, waulizeni wenyewe. Mimi najua tu kwamba tulipoingia uani kwa baba, Mama Masanja hakungoja hata kiti. Alipiga magoti mbele ya mama yangu, mwanamke mzima wa heshima zake, akasema, "Dada, nimechelewa. Naomba mnipe mtoto."