Viti Viwili vya Seremala

Seremala yule alikuwa mpole, mtu wa kusimama kando ili kuku apite kwanza mlangoni. Wivu ulipomwingia, ulimwingia kwa njia ya viti.

Viti vyenyewe alivitengeneza mwaka aliooa, viwili, vyenye mikono mipana na migongo iliyolala kidogo, ili yeye na mkewe wakae jioni wakitazamana. Mkewe alikuwa nesi wa zahanati ya mtaa wao, zahanati ya vyumba vitatu na bomba moja lililokohoa kabla ya kutoa maji. Miaka yote alisafisha vidonda, akapima homa na uzito wa watoto. Kisha akaitwa mafunzoni, hospitali kubwa. Madaktari wa akili walikuwa wachache na wenye kuwahitaji walikuwa wengi, kwa hiyo manesi wa zahanati ndogondogo walifundishwa kumtambua mwenye kifafa, mwenye huzuni isiyomtoka na mwenye kusikia sauti zisizokuwepo, na kuwatibu palepale walipo.

Nesi akarudi na maarifa mapya, na pia akarudi na namna mpya ya kunyamaza.

"Tumefundishwa kuuliza swali moja, halafu unamwachia mtu nafasi," alimweleza mumewe. "Humkatizi. Wala hujifichi nyuma ya meza kama hakimu. Mnakaa karibu, kwenye viti vinavyolingana."

"Kwani zahanati mna viti?"

"Tuna benchi, na ndoo tunayoigeuza tukaikalia." Akacheka. "Baba watoto, niazime vile vyetu. Kwa muda mfupi tu."

Seremala akavibeba mwenyewe mabegani, akajiona mume bora. Lakini muda mfupi ule ukageuka miezi.

Sasa jioni alikalia kigoda, magoti yakimfika masikioni kama panzi. Mkewe alirudi amechoka, kichwa kimejaa habari za watu. Seremala akimsimulia mbao iliyopasuka au mteja aliyetaka kabati lipite kwenye mlango mdogo, jibu lilikuwa "mm". Watu wa barabarani wapewe masikio yake yote, mwenye nyumba apewe "mm"!

"Leo walikuja akina nani?" angeuliza.

"Wagonjwa."

"Wagonjwa gani?"

"Baba watoto, ya mgonjwa hayatoki nje ya mlango. Naomba unielewe."

Hakuelewa. Na kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazama mlango wa zahanati, hakumsaidia kuelewa. Kinyozi yule ulimi wake ulikata kuliko mkasi.

"Fundi, yule mwashi kaingia tena kwa shemeji. Na mlango ukafungwa."

"Anaumwa."

"Anaumwa nini, kifua kama mlango wa ghala? Kaingia kanuna, katoka anatabasamu. Mimi namnyoa siku zote, sijawahi kutabasamiwa."

"Labda hujui kunyoa."

Waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko, na seremala akacheka nao. Lakini neno lilikwisha kuingia. Akipiga randa, alimwona mawazoni yule mwashi ameweka mkono juu ya mkono wa kiti alioupiga msasa yeye kwa ajili ya mkewe. Alisali, maana alikuwa mtu wa sala, na katikati ya sala kiti kikamjia. Akamwomba Mungu amwondolee wivu ule. Kabla hajasema amina, alikuwa amekwisha kuchungulia kama mlango wa zahanati umefungwa.

Asubuhi moja ulifungwa, na aliyeingia alikuwa mwashi. Seremala akashika nyundo ili aonekane ana shughuli, akatoka karakanani, akavuka barabara kwenda zahanati. Alikwisha kukata shauri. Viti vinarudi nyumbani leo, na mke arudie vidonda na homa zake. Akikataa, basi ajue mwenyewe ni nani aliyemchagua.

Hakubisha hodi. Akasukuma mlango.

Mkewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, na kichwa cha mwashi kilikuwa kati ya viganja vyake.

Damu ikampanda hadi machoni. Nyundo ikawa nzito mkononi. Ndipo alipoona miguu ya yule kijana inavyorukaruka na povu likimtoka mdomoni.

"Funga mlango," mkewe alisema taratibu, kama anayeomba chumvi. "Vua koti."

Akafunga. Akavua. Mkewe akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha mwashi.

"Sogeza hivyo viti, asijigonge."

"Tumtie kijiko mdomoni..."

"Hapana. Usimtie kitu, wala usimkandamize. Tunangoja."

"Na hilo povu? Si linaambukiza?"

"Haliambukizi, mume wangu. Ni mate tu."

Mwili ulipotulia, wakamlaza kwa ubavu. Seremala akajikuta amemshika bega yule mtu aliyekuja kugombana naye. Lilikuwa bega la mtoto wa watu, limelowa jasho.

Mwashi alifumbua macho, akatazama huku na huku, na fahamu zilipomrudia vizuri akamwona seremala. Uso ukamsawijika.

"Fundi," akasema kwa shida, "dawa zimenisaidia sana, safari hii niliziruka tu. Na sipandi juu tena, nesi alinikataza, nachanganya saruji chini. Wenzangu kazini nimewaambia naogopa kuwa juu. Wakijua ni kifafa, hakuna atakayekula nami sahani moja. Utasema?"

Seremala akamtazama mkewe. Mkewe hakumwombea wala hakumkonyeza. Alinyamaza tu, akamwachia nafasi.

"Nimekuja kugonga mguu wa kiti," seremala akasema. "Sijaona kingine."

Nje, kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkasi hewani, na wateja wake wametoa shingo nje kama kobe.

"Ehe! Umewakuta?"

"Nimewakuta."

"Wanafanya nini?"

Neno moja tu lingetosha. Angelisema pale, jina la mkewe lingesafishwa, na yeye asingechekwa tena mtaa mzima. Lilimkaa kwenye ncha ya ulimi.

"Kiti kililegea mguu," akasema. "Nimekigonga."

"Koti lako liko wapi?"

Seremala akajitazama. Alikuwa na shati tupu. "Nimelisahau."

"Kaenda na nyundo, karudi hana koti!" Kinyozi akajipiga paja. "Jamani, huyu ndiye mume! Kesho atasahau suruali!"

Wakacheka mpaka mmoja akakatwa ndevu vibaya. Seremala akaingia kwenye karakana yake, akapiga mbao randa kwa hasira mpaka ikawa nyembamba isiyofaa kitu.

Jioni mkewe alirudi na koti, limefuliwa, halijakauka. Kicheko alikwisha kukisikia, maana mtaa haufichi. Akapakua chakula, akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia karibu na kigoda cha mumewe, magoti yake nayo yakimfika masikioni.

"Leo ilikuwaje kwako?" akauliza. Kisha akanyamaza.

"Usinifanyie mambo ya zahanati."

Mkewe alikuwa anamtazama.

"Wivu bado ninao," seremala akasema. "Usidhani umeisha."

Bado alingoja. Seremala akashusha pumzi, akaanza na ile mbao iliyopasuka, ya miezi ile, na chakula kikapoa mbele yao bila hata mmoja kukigusa.